Dakika Kumi na Tisa

Miaka ishirini na mbili nahangaika na mabomba ya watu.
Keko, Tandika, Mtoni kwa Azizi Ali,
nimelala kifudifudi kwenye matope ya kila mtaa,
sikio juu ya lami usiku wa manane,
nikisikiliza maji yanayotoroka.

Langu sikulisikia.

Nilitumbukia mtaro wa Yombo, nikavunja ubavu.
Wakanipaka ule ute wa baridi, wakautafuta ubavu,
wakakuta figo la kushoto lina mgeni:
vijishipa vya damu vimejisokota, vimevimba,
vinanyonya mahali pasipo na mita.
Nikasema, hayo ni maunganisho ya wizi.
Kijana wa mashine hakucheka.

Daktari wa kwanza hakuwa mtu mbaya.
"Tutoe figo zima," alisema, "unalo la pili."
Nikamtazama kama ninavyowatazama wakubwa
wanaofunga maji ya mtaa mzima
kwa deni la nyumba moja.
La pili! Kana kwamba Mungu
alihesabu vibaya.

Daktari Nasikiwa Mrutu ana mikono midogo
na kalamu inayovuja wino.
Alinichorea figo nyuma ya risiti yangu ya vipimo.
"Uvimbe huu jina lake refu,
na mimi nimekutana nao mara mbili tu.
Si saratani, nadhani. Nitaujua nikiushika.
Nitabana mshipa mkuu, nizungushie barafu,
nikate mgeni, nishone, nifungue.
Nikichelewa, figo litanifia mkononi
na itabidi nilitoe lote."

"Dakika ngapi?"
"Ishirini. Ishirini na tano, nikibanwa."

Nikacheka, ubavu ukauma.
Tangu lini mtu akanieleza kazi yangu mwenyewe?
Unafunga koki ya juu, unachimba,
unakata kipande kibovu, hicho tu,
unaunga, unafungua
kabla mama wa nyumba ya tatu hajageuza ndoo.
Kung'oa bomba zima, hata kibarua wa jana anaweza.

Damu ilitakiwa chupa nne.
Shemeji Selestini alitoa, akadai soda mbili.
Tatu wa vitumbua alitoa, akarudi kwenye kikaango chake.
Na Mzee Pazi, ambaye mwezi wa tatu
nilimkatia maji kwa mkono wangu huu,
alikunja shati, akatazama ukuta,
akasema: "Usidhani nimesahau."
Ikajaa chupa yake kuliko zote, au niliona vibaya.

Nilipozinduka palikuwa na saa ukutani,
mrija puani, kiu.
Nikauliza: koki ilifungwa dakika ngapi?
Nesi akadhani naweweseka.
Jioni akaja mwenyewe, alama ya barakoa bado shavuni.
"Kumi na tisa," alisema. "Robo tatu ya figo imebaki."
Akasinzia akiwa amesimama, nafikiri,
maana alikaa kimya
mkono wake juu ya chuma cha kitanda.

Mfuko wa mkojo ulikuwa mwekundu kama rozela.
Siwatu wangu aliuona, akaziba mdomo kwa upande wa khanga.
Nikamwambia lile ninalowaambia wenye nyumba wote
bomba likishaungwa:
yanaanza na kutu.
Usikinge bado. Yaache yatiririke.

Hakuniamini. Alikaa kwenye kigoda
akiulinda ule mfuko kama sufuria ya maziwa.
Rozela, usiku kucha.
Kesho yake chai ya mkandaa.
Siku ya tatu, Upanga ndiyo kwanza inaadhini,
akauinua kwenye mwanga wa dirisha,
akaugeuza, akaugeuza tena,
akasema kwa sauti ile ya akina mama wa Tandika
wanaposikia hewa inakoroma bombani
na ndoo zote bado zi tupu:

"Yametoka."